Kidole cha Nabintu

Jumanne, saa kumi na moja, mvua juu ya mabati ya Kadutu.
Tableti saba kwa wanafunzi kumi na wawili,
nimezipanga mezani kama sahani za wageni
na hakuna anayenyoosha mkono.

Baba Cirhuza, mwashi, amevikalia viganja vyake.
"Mwalimu, mimi na saruji tunajuana miaka thelathini.
Kioo nimezoea kukitia dirishani,
si kukipapasa."
Nsimire, aliyebeba magunia kutoka bandarini hadi sokoni
mpaka kamba ikamchorea mstari kwenye paji la uso,
ana swali moja tu:
"Kikianguka, nani atalipa?"

Nilikuwa na hotuba. Niliiandaa usiku, kwa mshumaa:
dunia inakwenda mbio, tusibaki nyuma, elimu haina mwisho.
Nikaisema yote.
Mvua ikanijibu.

Mama Nabintu anauza sambaza pale chini, penye ngazi za matope.
Huja darasani na beseni tupu, hulisukuma chini ya dawati,
na harufu ya ziwa hukaa nasi hadi saa moja.
Kalamu aliizoea mwezi wa tatu. Chaki haimtishi.
Lakini siku hiyo alikigusa kioo mara moja,
mara mbili, mara ya tatu kwa nguvu,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu,
kisha akaurudisha mkono ndani ya kitenge.
"Unaona? Hata mashine inamjua asiyesoma."

Wakacheka wote, kicheko kile cha kufunika jambo.

Na mimi, mjinga mwenye diploma,
nilikwisha kuandika katika daftari langu: Nabintu, woga.
Woga!
Mwanamke anayeteremka ziwani saa tisa usiku
kugombea samaki na wanaume wenye taa,
aliyewahi kumvua askari kofia kwa sababu ya beseni lake,
huyo ndiye niliyemwandikia woga, kwa wino mwekundu.

Nikamwomba mkono. Nikautazama, kwa mara ya kwanza tangu Januari.
Chumvi, magamba, kisu, maji ya baridi, jua la kuanikia:
ncha ya kidole imekuwa gome,
imekauka, ile mistari tuliyozaliwa nayo imelika.
Kioo hakikumkataa.
Hakikumsikia.

"Kilambe," nikasema.
"Nini?"
"Kidole, mama. Kilowanishe kidogo, kama unahesabu noti."
Akanikazia macho kuona kama namfanyia mzaha.
Akakilamba. Akagusa.
Mwanga ukampanda hadi kidevuni.

Hakupiga kigelegele. Alisema "Aa,"
kama aliyeonyeshwa mlango wa nyuma
wa nyumba ambayo ni yake.

Baba Cirhuza akavitoa viganja chini ya mapaja,
akavigeuza, akavisoma pande zote mbili,
akaenda kwenye ndoo ya mlangoni kunawa, bila neno.
Nsimire bado alitaka kujua nani atalipa.
"Mimi," nikasema,
mimi nisiyelipwa mshahara tangu mvua za kwanza.
Akaguna. Akavuta kiti.

Dakika arobaini Nabintu aliandika kwa kidole kimoja,
analamba, anagusa, anafuta, analamba.
Nilidhani anaandika jina lake; wengi huanzia hapo.
Nikainama nyuma ya bega lake, tayari kumpongeza.

*Mama Mwamini, sahani moja, elfu mbili na mia tano.*
*Fundi wa redio, sahani moja, tangu Pasaka.*
*Mwalimu Bahizire, sahani mbili, elfu tano.*

Akageuka. "Hii haifutiki kama mkaa ukutani?"
Haifutiki, mama.
"Hata mvua ikinyesha?"
Hata ikinyesha.
"Vizuri," akasema, na kidole kikarudi ulimini.
"Sasa nionyeshe pa kuandika tarehe."