Namba Kumi na Saba

Fundi Kapela wa Kanyenye hutengeneza saa,
ila siku hizi saa zinasubiri.
Anabana lenzi jichoni, ananyoosha kiganja:
"Lete. Usishike katikati. Shika kingo."
Kwanza anainusa kadi. Biskuti za themanini na nne
bado zimo humo, anasema, kwa mbali,
kama mtu aliyehama akasahau koti.
Pembe nne anazihesabu mara mbili.
Kisha anaandika tisa, kwa wino mwekundu,
anaipitisha kwenye mashine ya moto,
nayo inatoka imevikwa plastiki: haipumui, haizeeki.
Elfu tatu.

Kule Isevya, Bi Siwema anacheka.
"Tisa? Kapela ana huruma, au ana deni."
Anaweka rula: kushoto milimita tatu, kulia nne.
Mchezaji kasimama upande, kama mpangaji mlangoni.
"Sita," anasema. Anagonga muhuri.
Plastiki yake ni nene zaidi, na bei yake vilevile.

Kila mmoja ana daftari la seti.
La Kapela halipokei plastiki ya Siwema,
la Siwema halitaki hata kusikia jina la Kapela.
Nikitaka kupanda huku, napasua ya kule.
Kadi ishirini na mbili za timu yetu ya reli,
kila moja nimeipasua kwa wembe mara nne,
na kila mara wembe unaonja pembe kidogo.
Husemwa mafahali wakipigana ziumiazo ni nyasi.
Sisi nyasi tulilipa kiingilio.

Kwa Kapela nilikuwa wa pili,
kwa Siwema wa tano.
Kote wa kwanza alikuwa Lugendo, karani wa ghala la tumbaku.
Mke wangu aliniuliza, Lugendo ni nani hata unamtaja usingizini?

Jumamosi moja aliingia mzee kufuata saa yake
iliyolala kwa Kapela tangu Mfungo Mosi.
Aliiona kadi mezani. Namba kumi na saba, kipa,
Dotto Katala, chini kwa herufi kubwa.
Akainama. Akakaa vile muda mrefu.
"Dotto ni mimi," alisema.
"Huyu ni Kulwa.
Siku ya picha nilikuwa Kitete, malaria imenilaza,
akavaa jezi yangu na glavu zangu.
Kulwa, ambaye hakuwahi kudaka hata chungwa!
Tazama anavyoshika mpira. Kama anabeba mtungi."

Lenzi ilimdondoka Kapela.
Miaka yote hiyo, tisa, sita, milimita, pembe,
na hakuna aliyeuliza uso ni wa nani.

Habari ilifika Isevya kabla ya adhuhuri.
Bi Siwema alikuja mwenyewe, kwa mguu, na daftari kwapani,
mara ya kwanza kuvuka kizingiti kile.
"Kadi ya kosa," alisema.
"Mimi nimeigundua," alisema Kapela.
"Kwangu itakuwa na ukurasa wake."
"Kwangu itakuwa na jalada."
Walibishana hadi mteja wa betri akaondoka.

Mzee alisubiri wanyamaze.
"Kulwa alifariki mwaka ule wa mvua nyingi," alisema,
akinitazama mimi, si wao.
"Hakupenda kupigwa picha. Kuna hii tu.
Unauza shilingi ngapi?"

Nilisema nitafikiri.

Leo mimi ni wa kwanza kwa Kapela
na wa kwanza kwa Siwema, kwa mihuri miwili,
jambo ambalo halijawahi kutokea Tabora.
Lugendo hanisalimii.
Kila Jumamosi mzee Dotto hupiga hodi,
saa mkononi, inakwenda sawasawa.
Namtolea kadi. Anakaa nayo ukumbini,
anapitisha dole gumba juu ya plastiki,
usoni pale, anafuta, anafuta,
kama anayetoa vumbi lililo upande wa ndani.
Nami nasikia mdomo wangu ukisema,
kwa sauti ya Kapela kabisa:
"Shika kingo, mzee. Shika kingo."