Taipu ya Chumba Namba Tatu

Jina lake nimelisikia redioni nikichambua mchele,
kati ya bei ya tumbaku na tangazo la msiba wa Urambo:
Evarist Lusangija anapendekezwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu.
Mkono ukaendelea na kazi yake.
Baadaye nikaona ninatupa mchele, ninabakiza mawe.

Siku ya nne wakaja wawili, hapa hapa Isevya,
mwanamke mwenye begi la ngozi, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni.
Wametumwa na Tume. Wakakataa soda, wakakubali maji.
"Mama Kalunde, wewe ndiye uliyekuwa mpiga taipu wake?"
Ndiye mimi.
"Kuna barua. Haina saini. Inasema mambo."

Mambo! Neno pana kama shuka la wageni,
ukilivuta kufunika miguu, linafunika na kichwa.

Nianzie wapi?
Nianzie mashine. Herufi yake ya h ilikatika shingo,
kila hukumu ilitoka ukumu, kila haki ikatoka aki,
nami jioni nilizijaza kwa kalamu, moja moja,
haki, haki, haki,
hadi vidole vikawa vya buluu.

Au nianzie ukuta. Ulikuwa wa mbao,
tundu lake limezibwa kwa kalenda ya chama cha ushirika.
Upande huu mimi. Upande ule yeye,
na jalada la mirathi namba kumi na saba,
na mwenye jalada, Nyanzala binti Mgalula,
mjane wa mrina asali wa Sikonge,
anaambiwa jalada halionekani,
arudi saa kumi na moja, karani akishafunga,
huenda likaonekana.

Likaonekana.
Likapotea tena. Likaonekana tena.
Mara ya tatu nilisikia kiti kikianguka.
Nilisikia, "Mheshimiwa, tafadhali."
Mheshimiwa! Hata pale alimpa cheo chake.

Nami nikapiga taipu.
Mashine haikuwa na karatasi. Nikapiga tu,
kwa nguvu, mstari hadi mstari, kengele ikilia, nikirudisha, nikipiga,
ili apitaye nje ajue
kuna kazi inaendelea.

Kijana akaacha kuandika.
Mwanamke akauliza kwa upole, "Una uthibitisho wowote?"

Mashine iliuzwa mnadani pamoja na viti vibovu.
Kwenye rola yake kuna kurasa zangu zote za jioni ile,
herufi juu ya herufi, hazisomeki.
Mtafuteni aliyeinunua.

Tena andika na hili, mwanangu, usiliache:
Nyanzala alishinda.
Alipewa nyumba ya Ng'ambo na mizinga arobaini,
mji mzima ukasema Lusangija ni hakimu wa wajane.
Hukumu niliichapa mimi, ilikuwa safi, haina kosa la sheria.
Katika nyumba ile Nyanzala hakulala hata usiku mmoja.
Aliacha ufunguo kwa shemeji, akapanda treni ya Mpanda.

Nikaomba kuiona barua.
Mwandiko wa haraka, karatasi ya daftari la shule.
Si mwandiko wangu.
Miaka ishirini na sita, na si mwandiko wangu.

Kijana akanisomea maelezo yangu.
"Shahidi anadai kwamba alisikia."
Nikamwambia: futa anadai.
Akamtazama mkubwa wake. Mkubwa wake akatazama maji.
Akafuta.

Nikasaini jina lote, Kalunde Kasonta.
Halina h ndani yake, hakuna pa kujaza.

Huenda ataapishwa.
Joho jekundu litamkaa vizuri, mabega anayo.
Huenda siku hiyo nitafungua redio, huenda nitakuwa sokoni.

Jirani ameniuliza juu ya uzio,
wageni wale wa magari ya serikali, wa nini?
Nimemwambia, wa mirathi.