Chumvi Imepungua

Kilijaribiwa kwanza kwenye josho la ng'ombe
kule Kahe, maji yananuka dawa ya kupe.
Mhandisi Mkunde alivua viatu, akaingia hadi kiunoni.
"Kikizama chote, tumeshindwa," alisema.
"Kikielea chote, tumeshindwa vilevile."

Kazi hiyo nikapewa mimi, Ndekirwa, fundi wa mageti:
kuunga bomba lisilozama wala kuelea,
mwili chini, mlingoti juu,
kama kiboko aliyebakiza pua tu.
Hakuna nahodha. Hakuna hata kiti cha nahodha.
Kwa mazoea nilitafuta pa kuweka bawaba,
nikacheka peke yangu.

Nilipaka povu la sabuni kila mshono,
nikainama kusikiliza.
Kiputo kimoja kikachungulia karibu na kitako.
Nikasaga, nikachoma upya, umeme wa Pasua
ukikatika na kurudi na kukatika,
mpaka kiputo kikakosa pa kutokea.

Kikapandishwa Fuso, juu ya magunia ya vitunguu,
kikaenda Tanga bila mimi.

Bahari sijaiona. Naijua kwa tarakimu
zinazoingia kwenye simu kila nusu saa:
joto, chumvi, kimo cha mawimbi.
Eliakunda huniuliza, mwiko mkononi,
"Mwanao kaamkaje?"
"Ana joto kidogo," namjibu,
na kweli, nyuzi ishirini na tisa nukta moja.

Mvua ya Aprili haikubisha hodi.
Mto Karanga ulivuka ukingo, ukaingia karakana,
ukachukua ndoo mbili za rangi, galoni la thina,
na kiatu cha kushoto cha Tumsifu, kijana wangu wa kazi.
Matope tuliyakokota siku nne.

Wiki ya tatu, saa tisa usiku, nikafungua simu.
Chombo kiko mbele ya mlango wa Pangani.
Chumvi: thelathini na tano.
Thelathini na mbili.
Ishirini na sita.
Mshono umefumuka, nikawaza, kifaa kinaweweseka.
Nikampigia Mkunde. Akacheka kwa sauti ya usingizi:
"Kizima, fundi. Hayo ni maji ya mto.
Yanatoka kwenu."

Nikakaa kitandani kimya.
Njia yenyewe niliijua vipande vipande:
Karanga, bwawa la Nyumba ya Mungu,
kisha Pangani, mstari wa buluu kwenye ramani ya shule.
Mimi, muungaji wa vyuma,
sikuwahi kuviunga.

Na huko gizani, pasipo mtu,
bomba lililopita mikononi mwangu
linaionja mvua iliyonifukuza kazini,
linaandika kiasi chake bila kinyongo.

Rangi yangu sijui imefika wapi.
Asubuhi nimemweleza Tumsifu habari yote.
Ametazama mguu wake wa kushoto,
akauliza kama chombo kina kamera.