Nati ya Mkono wa Kushoto

Nati zote nilizopata kuzijua
hufunga kulia, hufunguka kushoto;
kiganja kinajua hilo hata gizani.
Hii moja ndiyo kaidi:
pana milimita ishirini na nne, hesi zake za kushoto,
kwa sababu mhimili wenyewe ulivyozunguka,
nati ya kawaida ingejifungua kabla ya adhuhuri.

Mtambo niliununua kwa kilo, kama viazi,
siku walipobomoa kiwanda cha chai.
Guria nzima ilikuja na mikokoteni.
Huyu alibeba mabati, yule fremu za madirisha,
mimi nikaomba lile beseni la shaba lisokotalo majani.
"Tsiala, utapika harusi ya nani humo?"
Wakacheka. Nikacheka nao, nikalipa.

Miezi minne nilisugua kutu kwa mafuta ya taa.
Beringi nikapata. Mkanda nikapata.
Gia iliyong'oka meno, Avksenti akaitia meno mapya.
Ikabaki nati.
Kitu cha kujaza ngumi, basi,
na beseni zima limekaa kimya likikingojea.

Nikapanda treni ya usiku hadi Tbilisi,
bolti nimeifunga ndani ya soksi ya mtoto.
Pale darajani, mzee Otia ametandaza shuka,
makopo ya samaki kumi na moja juu yake:
springi, pini, washa, magurudumu ya saa za wafu,
vishikizo vya nishani zilizokwisha kuuzwa.
Hakuniuliza kipimo.
Alipitisha ukucha juu ya hesi polepole,
mara mbili, macho ameyafumba.
"Huyu ni shoto," akasema,
kama mtu anayemtambua mjukuu wake.

Tulimwaga kopo baada ya kopo.
Vidole vyetu vikawa rangi ya chai iliyolala.
Shoto mwingine hakuwamo.
Nilipotoa pesa ya usumbufu alinirudishia:
"Chuma hakifi, mama. Huhama tu.
Rudi kwenu, uliza nani alibeba nini."

Nikauliza, mlango kwa mlango.
Gurudumu kubwa limekuwa kifuniko cha kisima.
Chekecheke ni ua la kuku wa mwalimu.
Saa ya mvuke, mshale wake ungali kwenye sita,
inazuia mlango wa kanisa usijipige.
Nati? Walitikisa vichwa.
Nani akumbuke nati?

Nikakata tamaa, nikalala.

Alfajiri ukungu ulishuka hadi dirishani
na ng'ombe wa Makvala akapita, kama kila siku,
kengele yake ikikohoa: ko. Ko.
Miaka tisa nimeilaani sauti hiyo.
Miaka tisa, wala sikujiuliza
kwa nini kengele ndogo vile ina ulimi mzito.

Nilitoka na viatu visivyolingana.
Nikamshika pembe, nikaingiza mkono:
pembe sita, waya umepita kooni,
na ukucha wangu, uliosomea kwa Otia,
ukazifuata hesi zikienda upande usio wao.

Makvala hakutaka kusikia.
"Na akipotea msituni, nitamjuaje?"
Tulibishana hadi maziwa yakafurika jikoni.
Mwishowe nikavua kijiko katika seti ya harusi yangu,
kile cha sita, ambacho hakijawahi kupata mgeni.

Mwezi Mei majani ya kwanza yaliingia beseni.
Nilikaza kwa kushoto; mkono ulikataa, kisha ukatii.
Maji ya kijani yakatoka, na ile harufu,
na bibi wawili waliowahi kufanya kazi kule
wakasimama getini bila kuingia.

Otia nilimpelekea robo kilo, ndani ya ile soksi.

Ng'ombe naye sasa analia wembamba,
ting, ting, nyuma ya ukungu,
kama mtu huko mlimani
anayekoroga chai bila haraka
na sukari bado haijayeyuka.