Mshika Antena

Mwaka ule sabuni ilipopotea madukani Tunduma,
Silwimba alivusha televisheni mpakani
ndani ya gunia la mahindi.
Silwimba, karani wa forodha!
Tulimcheka wiki nzima,
kisha tukaanza kumwamkia kwa adabu.

Kioo chake hakikuizidi sahani ya wali.
Betri ilikopwa kwenye lori la shemeji,
na antena ilikuwa mfuniko wa sufuria, waya,
na mwanzi uliosimikwa nyuma ya nyumba
ukiitazama Zambia.

Jumamosi usiku sebule ilijaa.
Wakubwa vitini, watoto wa mwenye nyumba mkekani,
kaka yangu Ambilikile amejibanza mlangoni,
na mimi, binti wa mama anayewafulia,
nikapewa kazi ya nje, kwenye baridi:
"Tusekile, shika waya. Geuza. Kidogo!
Umepitiliza. Rudi. Hapo hapo! Usipumue."

Nikiushika, picha inatulia.
Nikiuachia nifute kamasi, chenga tupu,
na nyumba nzima inaita jina langu
kama watu waliofiwa.
Sijawahi tena kuhitajika namna ile.

Mama alinikanya. Masika haya,
na wewe umekumbatia chuma!
Radi itakupiga.

Ilinipiga.
Jina lake Nkuba, ndiyo hiyo hiyo radi kwa lugha ya ng'ambo.
Niliusikia kwanza ukutani: mlio wa gitaa la umeme,
mbaya, mtamu,
kama mashine ya kusaga iliyopewa huzuni.
Nikawaza: huyu, kabla hajafika sebuleni,
amepita viganjani mwangu.

Kumwona ilikuwa shughuli nyingine.
Televisheni ilinipa kisogo.
Lakini pazia lilikuwa fupi,
na ng'ambo ya chumba palikuwa na kabati la vioo,
na humo, kati ya birika la wageni
na vikombe visivyonywewa,
mtu mdogo mwenye nywele kama kichaka cha kahawa
alikuwa anapiga magoti mbele ya spika
kama anayeiomba msamaha.
Suruali pana chini. Shati la kijivu
(kila kitu kilikuwa cha kijivu).
Na alipiga kwa mkono wa kushoto.

Wa kushoto! Mkono niliochapwa nao shuleni,
mkono wa bibi kuusema kila nikila.

Jumatatu nilitafuta galoni la mafuta,
nikaiba nyaya za breki za baiskeli,
nikajifunza kama yeye.
Ambilikile akasema, "Mbona umeligeuza?"
Nikamwambia, "Wewe ulikuwa unatazama nini?"
Tulipigana kwa ajili hiyo, kweli, hadi damu ya pua.

Mvua zikaisha. Silwimba akahamishiwa Kasumulu
na kabati lake na birika lake.
Mwanzi ukabaki, mbuzi wakafungwa hapo.

Sasa niko Mwanjelwa, nina wajukuu wawili
na gitaa halisi la kwaya ya Wamoraviani,
nyuzi zimefungwa kinyume;
vijana hawaliazimi, na mimi sisikitiki.
Juzi nikasimama kwenye kibanda cha fundi simu.
Televisheni pana kama mlango.
Nkuba amefariki, walisema, wanarusha zile za zamani.

Shati lilikuwa la manjano.
Sawa. Hilo nililimeza.
Lakini mkono,
mkono uliokuwa unazikwaruza nyuzi
ulikuwa wa kulia. Wa kulia kabisa.
Miaka arobaini nimemfuata mtu wa kwenye kabati.

Nilitaka kumpigia Ambilikile, nikakumbuka alipo,
kule ambako hakuna wa kuniambia "nilikwambia."
Nikacheka peke yangu, fundi akanitazama.

Kisha katikati ya lile gitaa, picha ikakwama,
mdomo wa Nkuba wazi, vidole hewani.
"Mtandao huo, bibi," fundi akasema.
Sikumjibu.
Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshanyanyuka,
unatafuta waya.