Yamozoni

Laki tatu na elfu kumi na nne.
Laki tatu ni mikorosho tisa aliyoniachia bibi,
baada ya makato ya chama, ya gunia, ya salfa,
na mengine yasiyo na jina kwenye risiti.
Kumi na nne ni ming'oko, fungu kwa fungu.
Nimechimba mwenyewe, nimechemsha mwenyewe,
kucha zangu bado zinashuhudia.

Chuo kimesema kazi zote ziletwe zimechapwa.
Pale stesheneri ukurasa ni mia tano,
makosa yao unapewa bure.
Nikapiga hesabu: mpaka nimalize stashahada
nitakuwa nimewanunulia wao kompyuta.

Kwa hiyo Mtwara, Jumanne, saa tatu asubuhi.
Duka la kwanza lina vioo na ubaridi.
"Milioni moja na laki mbili," akasema kijana
bila kunyanyua macho, "hiyo bei ya kirafiki."
Sikumuuliza urafiki wetu ulianza lini.

Duka la pili, Mkanaledi: laki mbili na nusu!
Moyo ukaruka. Akaiwasha.
Mstari mweusi umeipasua sura toka juu mpaka chini
kama chungu kilichoanguka kikaunganishwa kwa matumaini.
"Huo utauzoea," akanambia.
Nina vitu vingi nilivyovizoea, kaka.
Sikuja mjini kuongeza kingine.

Fundi Likapa hana duka. Ana meza na mwavuli
mgongoni mwa wauza viatu vya mitumba,
na mswaki wa kusugulia vibonye.
"Hii ina kasoro tatu," akasema,
"ninazozijua mimi. Nyingine mtajuana wenyewe."
Nikavuta kiti.
Mtu anayeanza na kasoro ni wa kukaliwa chini.

Betri: dakika arobaini, usiombe zaidi.
Bawaba: usiifungue kama mlango wa choo.
Ya tatu, andika jina lako.

Nikaandika, kidole kimoja, taratibu.

Yamozoni.

Ilitoka Ujerumani, akaeleza. Vibonye amevibadilisha,
ubongo bado wa kwao, na huko kwao
Z na Y wamehamiana nyumba.
Wateja wanaandika majina yao, wanakunja uso, wanaondoka.
Kuifuta na kuipandisha upya, elfu kumi.
Bei yenyewe laki tatu na themanini.

"Kwa mashine isiyonijua jina?"

Akacheka mpaka mswaki ukamdondoka.
Tukashuka, tukapanda, tukashuka.
Jua lilipohama upande wa pili wa mwavuli
tukawa kwenye laki tatu na mbili,
chaja juu yake, shingo imefungwa gundi ya umeme.
Zikabaki kumi na mbili: saba nauli,
tano zina wenyewe, sukari na sabuni.
Z na Y nikawaacha walivyo, kila mmoja kwa mwenzake.

Walioiita mpakato hawakukosea.
Njia nzima hadi Kitangari nimeipakata,
imefungwa kanga ya mama,
na kila penye shimo nimeikinga bawaba kwa kiganja.

Usiku umeme ukakatika, nikaiwasha hivyo hivyo.
Mama hakusoma. Lakini jina lake analijua
kama unavyoijua sura ya mtu:
miaka kumi na saba analitafuta kwenye orodha ya malipo,
ukutani mwa ghala, katikati ya mabega ya watu.
"Niandike," akasema.

Nikamwandika. Mwanga ukampaka uso.
Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena.
"Huyu si mimi."
Ni wewe, mama.
"Si mimi. Huyo aliyesimama mbele ni nani?"

Yaituni.

Nikafuta. Nikagonga Y ili nipate Z.
Akanyamaza kidogo, kidole chake kikipita chini ya herufi
bila kuzigusa, moja baada ya moja,
kama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

"Haya," akasema. "Sasa muandike na mwenye mikorosho."

Zilibaki dakika sita.