Bado Iko Kwenye Mashine

Mguu wangu una hadhira.
Cherehani yangu ni ya kukanyaga,
na baraza ya duka, hapa Tandahimba, imeinuka juu ya njia:
kabla hujauona uso wangu
umeshakiona kidole gumba.

Kimevaa ukucha wa rangi ya ganda la kitunguu,
mnene, unaomeguka kama udongo wa ukuta wa zamani.
Bibi harusi mmoja, mwezi wa tano,
alinipa vipimo vya kiuno huku ametazama chini.
Kesho yake nikashona na soksi.
Joto lile, na soksi!
Mtaa mzima ukanipa kisukari.

Nimejaribu. Nani hajajaribu?
Siki, mpaka chumba kikanuka kachumbari.
Kitunguu saumu kilichopondwa, nikakifunga na kipande cha bitana.
Majivu. Ndimu.
Mafuta ya taa, usiku, kwa siri.
Jirani yangu Likwata akaniapia utomvu wa ganda la korosho:
"Unaua hata mchwa."
Uliua ngozi.
Ukucha ukabaki palepale, mpangaji asiyelipa,
nami siku tisa nakanyaga pedali kwa kisigino.

Na msikitini. Hapo ndipo palipouma.
Safu hunyooshwa kwa miguu;
nikawa nachelewa makusudi
nipate pembe ya nyuma, penye kivuli cha nguzo.

Somoe, mke wangu, hakucheka.
Alinitengea mkasi wa kucha,
akaufunga uzi mwekundu nisije nikawakatia watoto.
Basi. Hakuongeza neno.

Daktari Nambilanje alikwangua unga kidogo,
akaupeleka maabara.
"Fangasi," akasema. "Tupime ini kwanza, ndipo vidonge.
Kimoja kila siku, miezi mitatu.
Kausha kati ya vidole. Viatu, juani."
Nikauliza, huu ukucha utapona lini?
"Huo hauponi. Huo unasubiriwa uondoke."

Nilicheka peke yangu njia nzima.
Kwani mimi sikukulia kwenye mikorosho?
Kila mwezi wa saba nabeba bomba mgongoni,
napuliza salfa alfajiri, umande haujakauka,
kwa ajili ya ubwiriunga,
ule unga mweupe unaokunja chipukizi na kukausha maua.
Jani lililokwisha kuungua hulitibu. Haligeuki kijani.
Unalinda linalokuja.
Ukiruka mpulizo mmoja kwa uvivu,
mnada utakusomea jina lako.
Haya nayajua kwa mti.
Kwa mguu, nilitaka muujiza wa usiku mmoja.

Basi nikameza.
Vidonge vilinigeuzia ladha, chai ikawa kama maji ya kutu,
nikainywa hivyohivyo.
Mikorosho ilipotoa maua
palikuwa na mstari mwembamba kwenye shina la ukucha,
mweupe safi, kama upindo wa shati.
Mabibo yalipodondoka, upana wa punje ya mchele.
Vidonge vikaisha, ukucha haukuisha;
daktari akasema usiogope, dawa imo humo ndani, inafanya kazi.
Napima kwa tepu yangu ya ushonaji. Somoe anasema nina wazimu.
Kuna wiki ulisimama kabisa.
Kuna siku mbili nilisahau kidonge
nikajilaumu kama niliyekata kitambaa cha mtu kinyume.

Mvua za Januari zimefika.
Nusu yangu, nusu yake.
Ile ya zamani imesukumwa mbele, manjano, kaidi,
na kila Alhamisi naipunguza kwa mkasi wa uzi mwekundu.

Leo nimevua soksi.
Mtoto wa Bi Nakapanya, aliyefuata sare ya shule,
akainama, akanyoosha kidole:
"Fundi, mbona ukucha wako una rangi mbili?"

Nikamjibu kama tunavyojibu sisi mafundi
tangu cherehani ya kwanza kufika Tandahimba:
bado iko kwenye mashine, mwanangu.
Njoo Ijumaa.